Pio Gama Pinto, mtoto wa wageni aliyechagua upande



Mnajua kawaida yetu. Ku kila toleo la gazeti letu hili dogo tunaweka maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, ili watoto wetu wasome na wazee wakumbuke. Leo tumechagua mtu ambaye wengi wenu hamumjui. Wale wachache waliokaa ukimbizini ku Nairobi mbele ya kurudi hapa wamekwisha kusikia jina lake. Anaitwa Pio Gama Pinto.

Tulimchagua juu ya swali moja lililobaki mezani ku kikao kilichopita. Mnakumbuka vile ilikuwa. Mmoja alisimama akauliza: sisi tuliorudi, tutoe jina la chama chetu kwa chama cha siasa kimoja, ao tukae kimya? Wengine walisema mtu aliyerudi hana mgongo, basi aegemee mwenye nguvu. Wengine walisema tulikwisha kuungua, hatutaki tena kusikia neno siasa. Mwingine akaonyesha maduka ya Wahindi na ya Wachina hapa mjini, akasema wale hawana chama, wanauza tu, na hakuna anayewagusa. Watu walicheka, lakini swali halikupata jibu. Njo maana tukaenda kutafuta: wageni wa Asia waliokaa Afrika miaka mingi walijifunza nini juu ya siasa na vyama? Tukakuta maisha ya mtu huyu.

Tuanze na wazazi wa wazazi. Kama vile babu zetu walivyoletwa na treni kutoka Kasai na kwingine kutumika ku mugodi wa Union Minière, ni vile Wahindi walivyoletwa Kenya kujenga treni. Kuanzia mwaka 1896 Waingereza walichukua Wahindi zaidi ya 30,000 kwa mkataba kujenga njia ya treni toka Mombasa mpaka ziwa Victoria. Walio wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha. Zaidi ya 2,000 walikufa. Elfu chache wakabaki, na wengine wakaja kwa mapenzi yao wenyewe: wafanyabiashara, mafundi, makarani. Mwaka 1962 walikuwa karibu 177,000 katika Kenya nzima, nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 8.

Serikali ya wakoloni iliwaweka katikati. Muzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mushahara ulikuwa wa aina tatu, hospitali aina tatu, masomo aina tatu, mpaka na uchaguzi kila rangi ilipiga kura peke yake. Mtu akiwekwa katikati hivi, wa juu anamzarau na wa chini anamuona kama ndiye anayemkandamiza, kwa sababu njo yeye anayemuona kila siku nyuma ya kaunta ya duka.

Ndani ya wale Wahindi kulikuwa tena na makundi. Wagoa walikuwa pembeni yao. Walitoka Goa, inchi ndogo ya pwani ya Uhindi iliyotawaliwa na Wareno. Walikuwa Wakatoliki, walikuwa na majina ya Kireno, na wengi walikuwa makarani ku biro za serikali. Mtu anayekula mushahara wa serikali hapendi kusikika akisema vibaya juu yake. Basi Wagoa wengi walijiweka mbali na siasa. Walikuwa na klabu zao, michezo yao, kanisa lao. Ni ndani ya jamaa ya namna hii Pio alizaliwa, ku Nairobi, tarehe 31 Machi 1927.

Alipokuwa na miaka kama minane wazazi walimtuma Uhindi kusoma. Akakaa kule mpaka akawa kijana. Alitumika kidogo ku jeshi la anga, halafu ku posta na telegrafi pa Bombay. Kule njo alionja mgomo wa wafanyakazi kwa mara ya kwanza. Na kwa sababu asili yake ni Goa, akaingia katika kazi ya kuondoa Wareno pale. Wareno walikuwa na kawaida ya kukamata watu wa namna hiyo na kuwatupa mbali, hata ku kambi ya Tarrafal kule visiwa vya Cape Verde. Pio akaona anatafutwa. Mwaka 1949 akarudi Kenya, nyumbani alikozaliwa.

Tuangalie hapo kidogo, sisi tuliorudi. Huyu naye alirudi. Aliondoka mtoto, akarudi mtu mzima, na inchi haikumjua. Angeweza kufanya kama wengine: kutafuta kiti ku biro, kuoa, kucheza karata ku klabu siku ya mungu. Alifanya kazi za karani kweli, maana alipaswa kula. Lakini jioni alikuwa ku biro za Kongamano la Wahindi, ile iliyoitwa Indian Congress, iliyoanza mwaka 1914. Pale alikutana na Waafrika wa chama cha KAU na wa sendika. Alikuta pia njia iliyokwisha kufunguliwa na Makhan Singh, Kalasinga aliyekusanya wafanyakazi Wahindi na Waafrika katika sendika moja, na aliyefungwa na Waingereza toka mwaka 1950 mpaka 1961. Pinto alishika kalamu ku gazeti la Daily Chronicle, lililoandika mambo ambayo magazeti ya wazungu hayakutaka.

Mwaka 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari juu ya vita vya Mau Mau, na Jomo Kenyatta akakamatwa pamoja na wenzake. Ilikuwa saa ya kila mtu kuonyesha uso wake. Wahindi wengi walikuwa na woga, na woga ule tunaujua. Wengine walijiunga na polisi ya akiba. Wengine walifunga midomo. Wachache walisimama upande wa pili, na Pinto alikuwa kati yao. Alisaidia kutafuta ma-avoka wa kuwatetea wale waliopelekwa kortini pa Kapenguria, alisaidia familia za waliofungwa, na wenzake walisimulia kisha kwamba alisaidia pia kufikisha pesa na silaha kwa wapiganaji wa porini.

Mwezi wa Januari 1954 alioa Emma Dias. Miezi mitano kisha, mwezi wa Juni, akakamatwa. Hakuhukumiwa na korti. Alipelekwa kisiwa cha Manda karibu na Lamu, kambi ya watu waliosemwa kuwa wagumu. Akakaa pale mpaka mwanzo wa 1958, yeye Mgoa ndani ya wafungwa Waafrika. Kisha akapelekwa Kabarnet, akakatazwa kutoka, mpaka Oktoba 1959. Kwa yote ni zaidi ya miaka mitano. Bibi yake alibaki ku Nairobi akitumika na kungoja.

Kumbe ile miaka mitano ilifanya kitu ambacho hotuba haiwezi kufanya. Alipotoka, hakuna Mwafrika aliyemuuliza tena karti yake iko wapi. Wale waliolala naye ku kambi walikuwa mashahidi.

Sasa tufike ku mambo ya vyama, maana njo swali letu. Mwaka 1960 chama cha KANU kilizaliwa. Mwanzoni kilikuwa cha Waafrika tu. Wahindi waliokipenda hawakuwa na mlango wa kuingilia. Pinto na wengine wakaanzisha Kenya Freedom Party, chama kidogo cha Wahindi ambacho kazi yake ilikuwa moja: kusimama na KANU na kuonyesha Wahindi wenzao kwamba inchi hii itakuwa ya wote wanaoipenda, kura moja kwa mtu mmoja. KANU ilipofungua mlango kwa wasio Waafrika, kile chama kikajivunja, watu wake wakaingia KANU mmoja mmoja. Tunaomba mukumbuke jambo hilo: walivunja chama cha kabila lao kwa mapenzi yao, wakaingia mmoja mmoja, kila mtu na karti yake.

Lakini hatutaki kuwadanganya kwamba Wahindi wote walimfuata. Hapana. Wengi walibaki na Kongamano lao, wakiomba kuhakikishiwa viti na haki za wachache. Waismailia walisikiliza Aga Khan aliyewashauri kuchukua uraia wa inchi wanazoishi. Wengine walishika pasipoti ya Uingereza na kungoja kuona. Ku Tanganyika ilikuwa rahisi kidogo: pale uchaguzi wa 1958 na 1959 ulilazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Muzungu mmoja, basi TANU ikawaunga mkono Wahindi kama Amir Jamal na Sophia Mustafa, nao wakapita. Ku Kenya rangi ilibaki ukuta mrefu zaidi.

Pinto alitumika mingi bila kutafuta cheo. Alisaidia kuanzisha gazeti la Sauti ya KANU. Kisha, kwa msaada wa pesa uliotoka kwa Nehru wa Uhindi, ikazaliwa kampuni ya kuchapa magazeti, Pan African Press, iliyotoa Sauti ya Mwafrika kwa Kiswahili na mengine tena. Alisaidia wapigania uhuru wa Msumbiji, maana Mreno aliyetawala Msumbiji ni yule yule aliyetawala Goa. Mwaka 1963 alichaguliwa ku bunge la Afrika Mashariki, na mwaka 1964 akawa depite ku Nairobi.

Kuna kitu kinachotuhusu sisi Wakongomani moja kwa moja. Mwezi wa Desemba 1964, ku Nairobi, ilifunguliwa shule ya kufundisha viongozi wa KANU. Waliipa jina la Lumumba. Pinto alikuwa kati ya walioiunda na kuisimamia. Lumumba alikuwa amekufa miaka karibu minne, ameuawa hapa hapa Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Hapa kwetu jina lile limegawa watu, na ndani ya chama chetu mna waliolia na mna ambao baba zao walikuwa upande wa pili. Hatuandiki kwa kufungua kidonda. Tunaandika kwa sababu inashangaza: Mgoa wa Nairobi, mwenye jina la Kireno, alisaidia kuweka jina la Mkongomani ku mlango wa shule ya Kenya. Shule ile haikuishi hata mwaka mmoja. Serikali iliifunga mwaka 1965.

Ilifungwa kwa sababu nyumba ya KANU ilikuwa imepasuka ndani. Uhuru ulipofika, tarehe 12 Desemba 1963, swali likawa: mashamba ya wazungu yaende kwa nani? Upande mmoja alikuwa Kenyatta na Mboya na wengine, waliotaka mambo yaende polepole na mali ibaki na wenye kuinunua. Upande wa pili alikuwa Oginga Odinga, aliyetaka wale waliopoteza udongo wapewe udongo. Pinto alikuwa na Odinga, na watu walimhesabu kama mpangaji wa kazi wa upande ule. Mwanzo wa 1965 serikali ilikuwa inatayarisha karatasi yake juu ya ujamaa wa Kiafrika, na wenzake walisimulia kwamba Pinto alikuwa anatayarisha jibu la kuipinga bungeni.

Hapo njo tunaona uzito wa maisha yake. Alikuwa mtu wa chama. Lakini chama kilipobadilika, hakukaa kimya ili aendelee kukaa vizuri. Kwa Mhindi wa wakati ule jambo hilo lilikuwa la hatari mara mbili. Mwafrika akimpinga mkubwa anaitwa mpinzani. Mgeni akimpinga mkubwa anaitwa mgeni.

Asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965, Pinto alikuwa anatoka nyumbani kwake Westlands na motokari, mtoto wake mdogo wa kike akiwa ndani. Kwenye lango la nyumba watu walimpiga risasi, akafa pale pale. Mtoto hakuguswa. Pinto alikuwa hajatimiza miaka 38. Kijana mmoja alihukumiwa kunyongwa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani zaidi ya miaka 30 akisema siku zote kwamba si yeye. Waliotuma hawakupelekwa kortini. Tume ya ukweli ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilimweka Pinto kati ya waliouawa juu ya siasa, pamoja na Mboya wa 1969 na J. M. Kariuki wa 1975.

Hakuacha mali. Rafiki zake walikusanya michango ili bibi yake na watoto watatu wapate kuishi, jambo ambalo sisi wa chama cha kusaidiana tunalielewa vizuri kuliko hotuba. Kisha familia ikahamia Canada. Joseph Murumbi, rafiki yake mkubwa, mwana wa baba Mgoa na mama Mmasai, alifika kuwa makamu wa rais mwaka 1966, akajiuzulu mwaka ule ule. Murumbi alipokufa mwaka 1990 alizikwa City Park ku Nairobi, karibu na kaburi la Pinto, kama alivyotaka. Mwaka 2008 posta ya Kenya ikatoa tembo za mashujaa wa inchi, moja na sura ya Pinto.

Na wale Wahindi waliokaa kimya, waliouza tu? Tuwafuate na wao, maana ndugu yetu ku kikao alisema hakuna anayewagusa. Kenya iliwapa miaka miwili kuomba uraia. Wengi hawakuomba. Mwaka 1967 sheria mpya za kazi na biashara zikawafunga, maelfu wakakimbilia Uingereza, na Uingereza ikawafungia mlango mwezi wa Machi 1968. Ku Uganda, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa siku 90. Aliwafukuza wa pasipoti ya Uingereza, na raia wengi wa Uganda nao wakajikuta wametoka, bila kuulizwa walipenda chama gani. Na hapa kwetu, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kuzairisha biashara, wazee wetu waliona maduka ya Wagiriki, ya Wareno na ya Wahindi yakibadilisha mwenyewe. Walikuwa kimya wote. Kimya hakikuwalinda.

Lakini kusema pia hakulindi. Sisi tunajua. Mwaka 1992 na 1993, wakubwa wa vyama waligombana Kinshasa na Lubumbashi, na hapa Kolwezi mama aliyeuza ndizi ku soko hakuulizwa anapenda chama gani. Aliulizwa jina lake na la baba yake, na jina likageuzwa kuwa karti ya chama. Tulilala ku gare tukingojea treni majuma mengi, na wengine tuliwazika pale. Treni iliyowaleta babu zetu njo iliyotutoa. Wengine walienda Kasai, wengine walikimbilia Zambia, wengine walifika mbali zaidi. Tuliorudi tulikuta watu wengine ndani ya nyumba zetu.

Basi, kutokana na maisha ya Pinto, sisi tunaoandika gazeti hili tunaona mambo matatu, na tunayaweka mbele yenu mjadili.

La kwanza: kinachoua watu wa kando ni kuhesabiwa kama mfuko mmoja. Siku chama chetu cha kusaidiana kitatoa jina lake kwa chama cha siasa, mjane asiyejua hata jina la depite wake atakuwa amechaguliwa upande bila kuulizwa. Mukubwa akianguka, yeye njo atakayelipa. Pinto na wenzake walivunja chama chao cha Wahindi ili kila mtu aingie na miguu yake mwenyewe. Tunaona walikuwa na akili.

La pili: mtu mmoja mmoja ana haki ya kuwa na upande, na ni vizuri awe nao. Mwanachama wetu anayetaka kuvaa tisheti ya chama, avae. Anayetaka kuwa depite, asimame, tutampigia makofi ao tutampinga, kama raia wengine. Lakini likelemba yetu, pesa ya mazishi na daftari ya majina zisiende naye ku mkutano.

La tatu: watu hawakumkubali Pinto juu ya karti. Walimkubali kwa sababu alilala ku kambi pamoja nao. Sisi pia, jirani yetu wa Musonoi aliyebaki hapa ile miaka yote hatatukubali kwa sababu ya chama tulichochagua. Atatukubali tukichimba naye mfereji wa maji machafu, tukisimama naye vumbi la mugodi linapoingia ku vyumba vya watoto, tukienda mazishini kwake bila kungoja aje kwetu.

Hatusemi njia hii ni salama. Pinto aliifuata akafa kijana, na mtoto wake aliona. Hatuna haki ya kumwambia mzazi yeyote wa hapa afanye vile. Tunasema tu kwamba waliokaa kimya nao walifukuzwa, na kati ya hao na yeye, ni yeye anayekumbukwa ku Nairobi kama mtu wa pale.

Kikao cha mwisho wa mwezi kitaanza na swali hili, mbele ya hesabu za likelemba. Yule ndugu aliyesimama mara iliyopita atapewa neno wa kwanza. Ba mama wajane, tunawaomba mufike na museme, maana kwa desturi yetu wanaume wanasema na ninyi munalipa. Ambaye hajui kusoma, jirani amsomee ukurasa huu mbele ya siku ile.

Tunabaki wandugu zenu.